Maziwa ya Dada Somoe

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kwa siku nne kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kukamata sisimizi. Nilimtafuta mmoja kwenye shina la mkorosho nyuma ya nyumba, nikamfunika kiganjani, nikampelekea Bibi huku mdudu ananitekenya. Siku ya kwanza niliona fahari, maana haikuwa kazi ya kila mtu. Sikujua kwamba ndani ya kiganja changu nimebeba chakula cha mtoto mchanga.

Tulikuwa Chinongwe, miaka ya tisini. Mama yetu alikuwa amekwisha kufariki, na Bibi mzaa mama ndiye aliyetulea. Dada yangu Somoe alikuwa ameolewa Nachingwea mjini, na mimba yake ya kwanza ilipokuwa kubwa alirudi kwetu, kwa sababu uzazi wa kwanza mwanamke huzalia kwao. Akamzaa mtoto wa kike, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Kwa siku mbili tulimlambisha maji ya sukari, tukisubiri maziwa.

Siku ya tatu yakaanza kutoka, ya njano na mazito. Bibi aliiangalia ile rangi, akanituma nikalete sisimizi. Katika nyumba yetu, na sijui kama nyumba nyingine walifanya hivyo, maziwa ya mzazi wa kwanza yalipimwa. Bibi alikamulia matone kwenye jani la mkorosho lililokunjwa kama kijiko, akamtumbukiza sisimizi. Akitoka mwenyewe, maziwa ni mazuri. Akifia humo, ni machungu, na mtoto hapewi mpaka yasafike. Yule wa kwanza alipiga miguu kidogo, akatulia.

"Machungu," Bibi alisema. "Tuyakamue tumwage. Kesho tutapima tena."

Leo najiuliza ni sisimizi gani wa kujiopoa kwenye maziwa mazito namna ile. Wakati ule hakuna aliyeuliza. Nesi wa kliniki alikuwa amemwambia dada kwamba mtoto anyonye tangu saa ya kwanza, na dada alimfikishia Bibi maneno hayo mara moja tu, kwa sauti ya chini. Bibi akajibu, "Nesi hakukuzaa." Ikawa basi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na dada yangu tangu utoto alikuwa mtu wa kusikia.

Mtoto akapewa uji mwepesi wa mtama kwa kijiko. Aliutema, akalia, akapewa tena. Matiti ya dada yakajaa mpaka yakawa magumu, homa ikampanda, akawa analala ameugeukia ukuta. Sisimizi wa pili akafa. Wa tatu nilimchagua mkubwa kuliko wote niliowaona pale mkoroshoni, naye akafa. Nilianza kuamini kwamba kosa ni langu, kwamba sijui kuchagua, na kwamba kwa ajili yangu mtoto wa dada atakufa njaa.

Jioni ile dada alinishika mkono. "Mdogo wangu," aliniambia, "kesho nitafutie mwenye nguvu."

Nikamwitikia ndiyo, kisha nikaenda kulia nyuma ya choo. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoiogopa asubuhi iliyokuwa inakuja.

Ilipofika, Bibi alikaa mlangoni penye mwanga, jani mkononi. Dada alikuwa ndani, amejifunika kanga usoni, hataki kuona. Mtoto alikuwa mapajani kwake, na hata kulia alikuwa ameacha. Nilimwachia sisimizi wangu juu ya maziwa. Akaanza kuzama.

Bibi alimtazama sisimizi, kisha akageuka akamtazama mtoto, muda mrefu. Halafu akaushusha ukucha wa kidole chake kidogo mpaka ukagusa maziwa. Sisimizi akaushika, akapanda. Bibi akampuliza, akaangukia mchangani, akaenda zake.

"Ametoka," Bibi alisema kwa nguvu ili dada asikie. "Yamesafika. Mpe mwanao."

Nikafungua mdomo. Bibi akanitazama. "Wewe, kachote maji." Nikaufunga.

Niliporudi na ndoo nilimkuta amekaa mkekani nyuma ya dada, dada amemwegemea kifuani, naye anamkanda matiti kwa kitambaa cha maji ya moto, polepole, mpaka maziwa yakaanza kuchuruzika. Mtoto alikuwa mnyonge. Alishika, akaachia, akashika, akaachia.

"Bibi, hataki," dada alisema.

"Anataka. Ila hajui. Na wewe hujui. Mtajifunza wote wawili." Akamsogeza mtoto karibu zaidi. "Usimpe ncha tu. Mjaze kinywa."

Walikaa hivyo mchana kutwa. Ugali niliupika mimi, ukaungua, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaunguza ugali bila kugombezwa. Alasiri nikasikia mtoto anameza, mfululizo. Dada alicheka huku machozi yanamtoka, na Bibi, ambaye mgongo lazima ulikuwa unamuuma, hakusogea.

Mtoto yule alipona, akanenepa. Bibi hakuwahi kusema kwamba kipimo chetu ni uongo, nami sikumwambia mtu nilichokiona. Mwanzoni nilinyamaza kwa woga, baadaye kwa mazoea.

Miaka ya elfu mbili na kitu nilijifungua na mimi, Nachingwea. Bibi alikuwa mzee sana, lakini alipanda basi akaja kukaa nami. Kwangu hakupima kitu. Siku moja, mwanangu yuko kifuani, nikapata ujasiri nikamwuliza kuhusu ule ukucha.

Hakukana. "Mama yenu hakuwa mwanangu wa kwanza," alisema. "Alikuwepo mwingine. Sisimizi walikufa siku saba. Siku ya nane akafa yeye."

Bibi akaendelea, taratibu, kama anayemsimulia mtu mwingine. "Nilikuwa na maziwa, mjukuu wangu. Yalikuwa yakilowesha kanga, naifua, naianika. Mama yangu hakuwa mtu mbaya. Alifanya alivyofanyiwa."

Kwa miaka mingi nilidhani Bibi alidanganya tu siku ile. Sasa naelewa kwamba kuikana desturi kungekuwa kumwambia mama yake, kaburini, kwamba alimwua mjukuu wake. Hilo hakuliweza. Aliloweza ni kidole kimoja, na mgongo wake nyuma ya dada yangu mchana kutwa. Nilitaka kumpa pole, lakini pole iliyochelewa miaka hamsini sikujua inaanzia wapi. Mwanangu aliposhiba nikamkabidhi. Bibi alimweka begani akamcheulisha, na mtoto alipolala nikanyoosha mikono kumpokea, lakini Bibi hakumtoa.