Dakika Hamsini na Tano

Kwaa! Hadi leo anausikia mlio ule: friji ya meneja ikitua juu ya bamba la mizani. Kilo sabini kamili. Aliziandika mwenyewe kitabuni, kwa mwandiko wake wa madaha.

Kwa miaka kumi na tisa Bwana Mizani, kama walivyomwita wote, alipima watu na mizigo katika kiwanja kile kidogo cha ndege. Kila Jumanne aliandika kwa chaki ubaoni safari ya kwenda kiwanja cha pili, kule alikozaliwa: kilomita mia mbili na themanini, dakika hamsini na tano. Ndege ilikuwa moja kwa wiki, ndogo kama kiberiti. Uzito ukizidi, aliyeandikwa mwisho alibaki. Wakimlilia, alicheka: "Mizani haina mjomba, dada yangu. Jumanne ijayo nayo siku."

Asubuhi ile, wino wa friji haujakauka, redio ikakoroma. Ilikuwa sauti ya dada yake, kutoka kiwanja cha pili.

"Kaka, mama anakuulizia wewe tu. Panda ya leo. Ya leo, umesikia?"

Akavua viatu, akapanda mizani. Sitini na nane. Ndege ilikuwa imebakiwa na nafasi ya kilo tatu.

"Tuishushe friji," rubani akasema. "Haitaoza hiyo."

Meneja wa kiwanja akachungulia kitabu. "Imeshaandikwa. Na mwandiko wa nani huu?" Akampiga begani. "Mizani haina mjomba, kaka. Si maneno yako hayo?"

Wapakizi wakaangua kicheko. Naye, Mungu amsamehe, akacheka nao. Kumbe kinywa kikizoea mzaha, hata siku ya kulia hakijui njia nyingine. Ndege iliporuka bado alikuwa na viatu mkononi.

Akadandia lori la saruji. Lilizunguka milima, likazama kwenye vinamasi, likalala njiani mara mbili. Alipofika, udongo wa kaburi ulikuwa haujakauka.

Dada yake hakumlaumu. Afadhali angemlaumu.

"Nilimwambia mama, kaka yuko njiani, dakika hamsini na tano tu," alisema, akimwekea maji ya kunawa. "Akaniomba nimkalishe, usimkute amelala. Nikaenda kiwanjani kukupokea." Akamsogezea taulo. "Ikashuka friji."

Jumanne aliyorudi kazini, maandishi yake ya chaki yalikuwa bado ubaoni, dakika hamsini na tano, hakuna aliyeyafuta. Bibi mmoja, hajawahi kupanda ndege, alisimama juu ya mizani na kikapu chake.

"Baba, huko ni mbali?"

Wapakizi waligeuka, wakingoja mzaha wake wa kila siku. Bwana Mizani aliutazama ubao, akaitazama sindano ya mizani ikitulia polepole.

"Siku tatu, mama," alisema, chini kwa chini, hata bibi mwenyewe hakusikia.