Macho ya Vikaragosi

Baada ya kumzika mama nilikuwa siwezi kukaa. Niliketi, nikasimama, nikaenda mlangoni kuangalia barabara inayoshuka kutoka Kamembe, nikarudi, kisha nikaenda tena. Mdogo wangu wa kiume alisema nitaichimba sakafu kwa miguu. Sakafu yenyewe ilikuwa ya udongo.

Niliyekuwa namwangalia barabarani ni shangazi yetu wa Nyakabuye, dada wa baba. Vita vilimchukua baba na ndugu zake wote, vikambakiza yeye tu. Siku ya mazishi alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akanitazama mimi niliyeacha shule ili wadogo zangu wale, kisha akamtazama kitinda mimba wetu, msichana aliyekuwa bado na meno ya utoto.

"Masomo yakianza, kama huyu mutoto hana sare na viatu, namubeba," alisema. "Mie niko na shamba, niko na kitanda. Weye uko na nini?"

"Niko na mikono, Tantini."

"Mikono hata nyani iko nayo."

Mikono yangu ilijua kitu kimoja. Tulipokuwa tukiishi Bukavu, ng'ambo ya mpaka, baba alikuwa fundi wa kuziba mabeseni. Beseni la plastiki likipasuka, watu walimletea, naye alilishona ufa kwa chuma cha moto. Mabaki hakuyatupa. Aliyalainisha juu ya bati lenye makaa chini yake, akachovya vidole kwenye maji, akatufinyangia vikaragosi: mama mwenye kikapu kichwani, askari mwenye kofia kubwa kuliko yeye, mbuzi anayecheka. Kila kimoja alikitoboa juu kwa waya wa baiskeli, akapitisha uzi, nasi tukakitundika kwenye mfuko wa shule. Macho aliyaweka kwa ukucha, alama mbili zilizopinda, kama mtu aliyelala. Alisema kikilala na sisi tutalala.

Basi na mimi nikafanya hivyo. Kaka mdogo alizunguka akiokota mabeseni yaliyovunjika na vidumu vya mafuta. Mimi nilikata, nikayeyusha, nikafinyanga nje ya mlango, maana moshi ule unakamata koo. Plastiki haimngojei mtu. Ikitoka kwenye bati unaifanya muntu upesi, la sivyo inakuwa jiwe mkononi. Kwangu hilo lilikuwa afadhali. Nikiwa na kitu cha moto vidoleni, sikuwa nakwenda mlangoni.

Niliviuza vya kutundika kwenye funguo, karibu na daraja la mpakani, pale akina mama wanaovuka kwenda Bukavu hushusha mizigo wakisubiri kuitwa na watu wa forodha. Walisimama, wakaokota kimoja, wakacheka kofia ya askari. Halafu walikigeuza, wakautazama uso, wakakirudisha taratibu na kufuta vidole kwenye kitenge. Wote walifanya vile vile. Nilibadilisha rangi. Nilihamia upande wa pili wa njia. Nikavipanga, nikavipangua, nikavipanga tena, mpaka mama muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, aliyekuwa jirani yangu akachoka.

"Mutoto, unanipa kizunguzungu. Kaa."

"Hawanunui, Maman."

Alikichukua kimoja kwa vidole vyenye magamba ya samaki. "Hawa bantu bako, balikufa ama balilala?"

"Balilala."

"Siku hizi muntu mwenye kufunga macho tunamuitia padri," alisema, na wenzake wakacheka kidogo, kicheko cha puani. Kisha akaacha kucheka. "Hapa kila mumoja amefunga macho ya muntu wake kwa mukono. Nani atabeba tena mwingine kwenye funguo? Bafungue macho, batuangalie."

Kufungua macho ni kazi. Unahitaji punje ya plastiki nyeupe, juu yake nukta nyeusi kwa ncha ya sindano ya moto, na ukikosea, uso wote unateleza kama uji. Nilijichoma vidole mpaka nikashindwa kushika kijiko. Lakini vilipofungua macho, vilianza kuondoka. Mtu wa forodha mwenyewe alikuja akiwa amekunja uso, akaokota mmoja mwenye kofia na tumbo.

"Huyu ni nani?"

"Ni muntu tu, Shefu."

"Na hii tumbo aliiazima wapi?"

Wauza sambaza walitazama samaki wao kwa bidii sana. Alinunua yule, na siku nyingine nikamwona akining'inia kwenye funguo zake.

Nikapata kitambaa cha sare, nikakipeleka kwa fundi cherehani. Viatu bado. Ndipo risasi zikaanza kusikika ng'ambo, daraja likafungwa, na mahali pale pakabaki muuza sambaza, mimi, na mbwa. Nilishinda nikipanda hadi Kamembe na kushuka, na sanduku la vikaragosi kichwani. Kuna siku nilirudi navyo vyote.

Shangazi alifika masomo yalipoanza, na kikapu kitupu cha kubebea nguo za mtoto. Msichana alikuwa amesimama tayari na sare yake, na chini amevaa ndala za kaka yake, zimefungwa kwa kamba. Shangazi aliangalia miguu ile. Mimi nikainuka, nikakaa, nikainuka.

"Viatu nilisema."

"Daraja limefungwa, Tantini. Likifunguliwa vitapatikana."

Shangazi alisogeza kopo lililokuwa ukutani apate pa kukaa, likamwagika. Ndani mlikuwa na vile vya zamani vyenye macho yaliyofumbwa, vilivyokataliwa, nilivyovihifadhi nivilainishe upya. Akaokota mama mwenye kikapu. Akapitisha kidole gumba juu ya uso wake, akarudia.

"Hii alitengeneza kaka yangu."

"Ni mimi. Yeye alinifundisha."

"Akiwa mutoto alinitengenezea ya udongo. Macho namna hii hii." Akakifuta vumbi kwa upindo wa kitenge. "Kwangu kule hakuna hata picha yake."

Kisha akakitia ndani ya kikapu chake, peke yake, akakifunika kwa kitambaa vizuri kama mtu anayebeba mayai. Mlangoni alisema nimwepushe mtoto na moshi ule, na kwamba atarudi kuangalia viatu.

Nilimsindikiza kwa macho mpaka kona. Kisha nikamwambia mdogo wangu ampeleke dada yake shuleni, wamechelewa, na mimi nikaenda kupuliza makaa.