Kilio Nilichokodiwa

Watu huniambia nisamehe, miaka imepita. Rafiki yangu, ambaye leo ana filamu zake mwenyewe na huwaigiza watu wa kwao jinsi walivyo, amesamehe zamani. Mimi bado, na sina haraka.

Yeye alitoka Bolivia. Tulijuana Brussels miaka ya tisini, tukigombea nafasi zilezile za kuigiza watumishi wa ndani. Alikuwa na hadithi moja aliyotaka kuitengenezea filamu: ya mama yake, aliyewapikia wachimba migodi waliogoma mpaka akafia jikoni. Kosa lake ni kumsimulia mwongozaji mmoja wa pale mjini, kwa moyo mweupe. Mwaka uliofuata yule bwana akaitengeneza yeye. Akaihamishia Katanga, akamfanya mama yule Mkongo, akajiandika kuwa mtunzi. Mwenye mama, rafiki yangu, akapewa nafasi ya kubeba sinia kwenye onyesho la msiba.

Nilimuuliza kwa nini alikubali. Akasema angalau mtu mmoja anayemjua mama yake awepo msibani.

Mimi, mzaliwa wa Lubumbashi, hukohuko Katanga, nilikodiwa kulia kwenye msiba huo. "Madame, nataka kitu cha kweli," mwongozaji aliniambia. "Lia kama kwenu. Na usicheke."

Hakuuliza kwetu tunaliaje. Kwetu mwanamke akilia msibani husema. Humweleza marehemu nani alimtunza na nani alimtesa, kwa sauti, mkosaji akiwa amekaa palepale, na hakuna wa kumnyamazisha.

Basi nikakaa chini, nikamwelekea mwongozaji na miwani yake, nikaangua kilio kwa Kiswahili cha kwetu. "Maman, banaiba histoire yako. Uyu bwana wa lunettes hakukujua hata siku moja. Mutoto wako ni ule mwenye kubeba plateau kwa mulango. Umuulize uyu mwizi jina yako, hajui."

Mwongozaji, asiyejua Kiswahili, alitokwa na machozi. Hakukata hata neno. Chini ya picha akaweka maandishi ya Kifaransa aliyoyatunga mwenyewe, kitu fulani juu ya mvua na mababu.

Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza katika ukumbi mdogo karibu na Porte de Namur. Alitaka Wakongo waonekane ukumbini, akanituma niwaalike. Nilizunguka Matonge, mtaa wa Wakongo pale jirani, siku tatu, saluni kwa saluni, kanisa kwa kanisa, nikichagua wanaojua Kiswahili peke yao. Sijawahi kufanya kazi kwa raha kama ile.

Kilio kilipofika, viti vya nyuma vilianza kunong'ona, kisha vikacheka. Taa zikawashwa, mwongozaji akakaribisha maswali. Papa mmoja, mzee shemasi wa kanisa letu, alisimama na kofia mkononi, akauliza kwa Kifaransa cha taratibu, "Bon, monsieur, yule mama jina lake nani?"

Mwongozaji akafunua karatasi zake. Filamu nzima aliitwa Mama tu.

"Alors, na binti yake, yule wa sinia, yumo humu?"

Rafiki yangu akainuka kando yangu. Nilikuwa nimekwisha kumweleza nilichosema kwenye kilio. Akataja jina la mama yake, lote, polepole, kisha akasema alikufa mwezi gani na alikuwa anapika nini. Ukumbi ukamwitikia pole, kama anavyostahili mfiwa, na watu wakaanza kupanga mstari kumpa mkono.

Mwongozaji, aliyebaki peke yake pale mbele, akanitazama. Alikuwa amenikataza kucheka. Nilicheka.