Shafika Alivyomtafutia Rawya Chuo

Mke wangu Shafika alifariki mwezi wa Rajabu. Waliokuja kutupa pole walimsifu upole. Shafika hakuwa mpole hata siku moja.

Tulikaa vyumba viwili hapa mjini Mahalla, nyuma ya kiwanda cha nguo. Kimoja chetu. Cha pili kilikuwa cha vyombo ambavyo binti yetu Rawya angeolewa navyo: friji, mashine ya kufulia, blenda, seti za sahani mpaka chini ya kitanda. Shafika alianza kuvikusanya Rawya hajaota meno. Vyote vimefungwa nailoni. Mashine ya kufulia ipo, na yeye anafua kwa mkono kwenye karai. Ukigusa, unatukanwa mpaka babu yako. Rawya analala juu ya sahani zake, mchumba hata wa kusingiziwa hana.

Rawya akamaliza shule ya ufundi, akasema anataka digrii ya teknolojia ya uhandisi mitambo. Mama yake akacheka mpaka akakohoa. Kesho yake akavaa baibui lake la kwendea misibani, akaenda kutafuta chuo. Mimi nilibeba mfuko wa mikate.

Chuo cha kwanza kilikuwa cha watu binafsi. Lango la marumaru, bustani, karani kajimwagia manukato. Ada ya pale ingenunua mtaa wetu pamoja na wakazi. Karani akasema kuna punguzo kwa wenye shida. Shafika akataka kwanza kuona mashine. Tukapelekwa. Mashine ya kukereza vyuma ilikuwa inang'aa, bado imevishwa nailoni.

"Hii imetoka Ulaya, Hajati," karani akasema.

"Mwanangu, hii si mashine, ni bibi harusi," Shafika akamwambia. "Nyumbani ninazo kama hizi. Hazijamfundisha mtu kitu."

Njiani akaanza kuhesabu kwa vidole. Hilo lilinitia hofu.

Cha serikali tulikikuta mji wa pili. Choo kibovu, paka kalala juu ya meza ya msajili. Lakini karakana ilinuka mafuta, na wanafunzi walikuwa weusi mpaka viwikoni. Ada tungeiweza kwa mshahara wangu wa ulinzi. Nauli na chumba cha kupanga, hapana.

Shafika akamwita jirani yetu Mama Wagdi, aliyekuwa anamwoza binti yake, akamfungulia kile chumba. Rawya alisimama mlangoni, hathubutu kupumua. Mama Wagdi akabonyezabonyeza kila kitu kama anachagua matikiti, akavitia kasoro, akashusha bei, kisha akachoma sindano yake.

"Sasa Mama Rawya, binti yako ataolewa na nini?"

"Na mwanamume mwenye friji."

Akalipa, watu wake wakavibeba. Ngazi zetu nyembamba, friji likakwama ghorofa ya kwanza. Wapangaji wote wakatoka kutoa ushauri huku wanatafuna mbegu za maboga. Mwishowe likapita. Shafika akarudi kwenye chumba kitupu, akakaa chini, akalia.

Nikamuuliza analilia nini. Akasema blenda.

"Hujawahi hata kuitumia," nikamwambia.

"Ndiyo maana nalia, mpumbavu wewe."

Jumamosi, wiki ilipoanza, Rawya akaanza masomo.