Ukuta wa Mikono Miwili

Tarehe 9 Aprili 2018, fundi rangi mmoja mwenye nyumba ya vyumba vinne bondeni, jirani na mto, alikuwa mtu wa kwanza mtaani kwake kujiunga na Mfuko wa Bima ya Nyumba. Kadi yake ipo mpaka leo, imetundikwa sebuleni juu ya swichi ya taa, na namba yake inaishia na moja.

Mtaani humwita Mikono Miwili. Kwake yeye ukuta haujapakwa mpaka upakwe mara mbili, mkono wa kwanza na mkono wa pili, na mteja akitaka mmoja tu ili kubana matumizi, hufunika ndoo yake akaenda zake. Nyumba yake ndiyo kibao chake cha biashara. Wateja huletwa sebuleni, wakakaribishwa kwenye kochi, wakaonyeshwa kuta nne za rangi nne. "Chagua ukutani," huwaambia. "Kwenye kopo kila rangi ni nzuri."

Kabla ya Mfuko, kampuni za bima zilikuwa zikilikwepa bonde lile kama paka anavyokwepa maji. Mto ulikuwa na tabia zake, na hakuna aliyetaka kuzibeba. Ndipo serikali ilipoanzisha mpango wake: mwenye nyumba atachangia kila mwaka, na hasara ikizidi uwezo wa michango, hazina ya serikali itajazia. Maelezo hayo yalitolewa kwenye sebule ileile, na wakala wa Mfuko aliyekuwa mdogo wa mke wa fundi. Alikuwa kijana mwenye ulimi wa asali na viatu visivyojua tope.

"Kampuni inaweza kufilisika, shemeji," alisema. "Serikali itafilisika iende wapi?"

Majirani hawakushawishika haraka. Fundi viatu wa nyumba ya pili alicheka mpaka akakohoa. "Nilipie mafuriko ambayo hayajaja? Basi nimlipe na mchimba kaburi, nimalizane naye kabisa."

Mikono Miwili ndiye aliyezunguka mlango kwa mlango. Hoja yake ilikuwa moja tu. "Yule ni shemeji yangu, na mama yake naishi naye hapa. Akinidanganya mimi, atakuwa amemdanganya mama yake." Mtaa mzima ukajiunga, fundi viatu naye akiwemo, akinung'unika.

Ni kweli mama mkwe alikuwa akiishi pale. Mwanawe alipanga ghorofa ya tatu, na magoti ya mama yalikuwa yameshagombana na ngazi. Akapewa chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama bustani ya mboga, na mkwewe akakipaka rangi aliyoichagua mama mwenyewe, ya ua la boga.

Mwaka jana mto ulipanda. Fundi alimtoa mama mkwe kwa kumbeba mgongoni, maji yakiwa kiunoni, naye mama akimkemea kwamba anamshika vibaya. Walilala shuleni na wenzao. Maji yalipopungua walirudi, wakakuta kuta zote zina mstari wa kahawia uliozunguka vyumba, sawasawa kama alama ya chai ndani ya kikombe. Chumba cha nyuma kilikuwa na lake zaidi. Msingi ulikuwa umetitia, na ufa ulikuwa umeshuka kutoka pembe ya dirisha hadi sakafuni. Mkono wa mtu mzima uliingia.

Wakala alifika asubuhi hiyo na mabuti ya mpira. Aliingia, akazunguka, akauchungulia ule ufa, akasema pole. Mama yake akamtengenezea chai kwenye jiko la kuazima, naye akainywa sebuleni, amekaa juu ya ndoo ya rangi iliyogeuzwa, mgongo ukutani, mstari wa kahawia ukipita juu ya kichwa chake.

"Mkadiriaji atakuja lini?" fundi aliuliza.

"Wiki hii au ijayo. Nyumba ni nyingi." Wakala alitazama kuta, akatabasamu. "Lakini na wewe, shemeji, fundi mzima! Mkadiriaji aje akukute na ukuta kama huu? Mimi nimewaambia ofisini kwamba shemeji yangu ndiye mpaka rangi bora mjini. Paka, bwana, usinitie aibu."

Aliyasema kwa mzaha. Fundi aliyasikia kwa uzito, kwa sababu yaligusa kidonda alichokuwa nacho tayari. Tangu aingie alikuwa hawezi kuutazama ule mstari. Wateja wangesema nini?

Sharti la Mfuko ni jepesi, na wakala yeyote hufundishwa kabla ya kufundishwa jambo lingine: kilichoharibika kisiguswe mpaka mkadiriaji akione. Funika paa kwa turubai, toa tope, ondoa mtu penye hatari, lakini usitengeneze. Ikibidi kutengeneza, wakala apige picha kwanza. Wakala hakupiga picha hata moja, na hilo sharti hakulitaja.

Basi fundi alifanya kazi kama alivyofunzwa. Aliosha kuta, akazikausha, akazipiga msasa. Alijua kwamba doa la mafuriko likipakwa rangi ya maji peke yake hujitokeza tena baada ya siku chache, kwa hiyo kwanza alilifungia chini ya rangi ya mafuta. Ufa wa chumba cha nyuma aliujaza saruji, akaulainisha mpaka kidole kisiusikie. Kisha mkono wa kwanza. Kisha mkono wa pili.

Mkadiriaji alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye futi ya chuma. Kwa fundi viatu, ambaye hakuwa amegusa kitu, kazi yake kukoroma tu, alipima alama za maji, akapiga picha, akaaga. Kwa Mikono Miwili alisimama katikati ya sebule akiwa ameishika futi yake mkononi, hana pa kuiweka.

"Baba, maji najua yaliingia," alisema. "Mtaa mzima yaliingia. Mimi nahitaji ule ufa wa msingi. Nitajuaje ulikuwepo, na ulikuwa mkubwa kiasi gani? Hapa naona ukuta mpya."

"Muulize huyu." Fundi alimwonyesha shemeji yake, aliyekuja na mkadiriaji na kusimama karibu na mlango. Alisema hivyo kwa moyo mwepesi. Aliona jambo limekwisha. "Wakala wenu aliuona kwa macho yake. Ndiye aliyeniambia nipake."

Mkadiriaji akageuka. "Uliuona?"

Wakala alikuwa akitazama viatu vyake. "Mimi siku ile nilipita nje tu," alisema. "Ndani sikuingia."

Mama yake alikuwa ameshika fremu ya mlango wa chumba cha nyuma.

"Na chai yangu uliinywea dirishani?" aliuliza.

"Mama, haya ni mambo ya kazi."

"Nimekuuliza chai."

Mkadiriaji aliandika kile alichoweza kuandika. Mfuko ulikubali kufidia magodoro na kabati. Ufa wa msingi ulikataliwa, kwa maelezo kwamba mdai ametengeneza kabla ya ukaguzi na hakuna aliyethibitisha.

Jioni ile wakala alimpigia shemeji yake simu. "Nielewe, shemeji. Wakala akimruhusu mteja kutengeneza bila picha, anafutwa siku hiyohiyo. Nina watoto."

"Na mama yako ana ukuta?"

"Nitakusaidia polepole, taratibu."

"Ningekuwa mteja tu ungenipiga picha," fundi alisema. "Kosa langu ni undugu." Akakata.

Mkewe alikuwa akikunja nguo, hajainua macho. Alikuwa amembeba mdogo wake yule mgongoni tangu hajaota meno. "Wanasema kikulacho ki nguoni mwako," alisema hatimaye. "Mimi hiyo nguo niliifua mwenyewe, nikaipiga na pasi."

Saruji haishiki msingi unaotembea. Kabla ya mwezi kwisha ufa ulirudi, mwembamba kwanza, ukapasua rangi ya ua la boga kuanzia pembe ileile ya dirisha. Mama mkwe alihamishiwa sebuleni, kwenye kochi la wateja, na wateja wakaanza kupungua. Fundi viatu, ambaye ukuta wake ulilipwa, alimsubiri jirani yake apite.

"Mikono Miwili! Ungepaka mmoja tu, tena ovyoovyo kama sisi wengine, doa lingejitokeza lenyewe likakutolea ushahidi!"

Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akaacha kucheka. "Lakini ni wewe uliyenisajili. Kaa, unywe maji."

Fundi hakukaa. Hasira yake haikuwa kwa Mfuko, wala kwa yule mama mwenye futi. Kila alipopita kwenye milango aliyoigonga siku zile, alikumbuka maneno aliyoweka dhamana: atakuwa amemdanganya mama yake. Aliyasema akidhani haiwezekani.

Sheria ya Mfuko inampa mdai aliyekataliwa haki ya kukata rufaa, bila ada, mbele ya kamati ya watu watatu wasio waajiriwa wa Mfuko. Fundi amekata. Mama mkwe ndiye aliyetaka. "Mimi niliukalia ule ufa," alisema, "upepo wake ulinipiga mgongoni. Nitasema." Mkwewe alimweleza kwamba atakayempinga ni mwanawe, na kwamba kazi ya kijana inaweza kupotea. Alijibu kwamba ameshasikia, hana haja ya kurudiwa.

Kamati itakaa Alhamisi saa nne asubuhi, kwenye ukumbi wa manispaa, ghorofa ya chini. Mama mkwe ni shahidi wa fundi. Mwanawe ameitwa kuwa shahidi wa Mfuko. Ufa wa chumba cha nyuma uko wazi, na safari hii fundi hajaugusa.