Maji ya Kisima Ukutani

Fundi wa mabango pale Voi hucheka kabla hata hajachovya brashi. Hucheka puani, mabega yakiruka, kisha hujipaka rangi kwenye ukucha wa kidole gumba aone kama imekolea. Safari hii furaha ilimzidi, maana Bi Umi alimpa ukuta mzima wa hoteli yake achore bohari ya mafuta na watu wanaoishi bondeni chini yake, na kila mpita njia alitaka kuingia pichani. Tryphena, ambaye kisima chake kimeingia mafuta ya bohari hiyo tangu masika, alimwambia, "Nichore na ndoo yangu, lakini uninenepeshe kidogo." Akamnenepesha. Mbuzi wake waliokufa kwa kunywa maji hayo akawarudisha, tena akawavika miwani. Maji ya kisima tu ndiyo aliyoyachora akiwa kimya, kwa rangi ya mkebe aliokuwa akiufunika mtu asichungulie.

Siku ya kuifunua picha, meneja wa bohari alikuja na shati jeupe. Akawacheka mbuzi mpaka akakohoa, halafu akasimama mbele ya kisima.

"Hapa umetia chumvi, fundi. Maji gani meusi hivi?" Akayagusa, kidole kikatoka cheusi, naye bila kufikiri akakifuta kifuani. "Na mbona rangi yenyewe haijakauka?"

"Hiyo haikauki, bosi," fundi akasema, mabega yakianza kuruka. "Nimeichota kisimani kwa Tryphena."