Ngozi Niliyowaficha Watu wa Buhehe

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Osukuru, wilaya ya Tororo, Uganda, Msimamizi wa mtambo wa kuchimba visima aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Akanitazama juu mpaka chini. "Cheti hauna, lakini mgongo iko," akasema. "Beba bomba." Nikabeba. Nilibeba miaka mingi, na nyumba ya matofali ninayokaa leo niliijenga kwa mgongo huo. Sikusaidiwa na mtu.

Hapo nadanganya kidogo. Nilipohamishiwa Nagongera nilimkuta Fundi Mkuu, Mjapadhola mwenye ulimi mkali, na yeye ndiye aliyenifundisha pampu ya mkono. Nyinyi mnaona mtu anasukuma mkono juu na chini, maji yanatoka. Kumbe chini kabisa ya kisima kuna silinda, na ndani ya silinda kuna kikombe cha ngozi kinachopanda na kushuka. Hicho ndicho kinachovuta maji. Kikichakaa, lazima mtoe bomba zote, moja baada ya moja, mkizibana kwa klampu zisitumbukie. "Shika, Msamia!" alikuwa akinipigia kelele, akiniita kwa kabila langu. "Wewe naachia hiyo, tunazika bomba yote hapa, na wewe juu yake!" Alinitukana kila siku, lakini hakunificha kitu.

Mradi wa visima ulipokwisha, magari yaliondoka, nami nikarudi kwetu Buhehe na spana zangu. Pampu za huku zilikuwa zinakufa ovyo, nikaanza kuzitengeneza bure. Mwenyekiti wa Kamati ya Maji akanitangaza mbele ya watu kuwa fundi wa kujitolea. Vijana huniuliza kwa nini mtu afanye kazi asiyolipwa. Wengine watawajibu ni upendo, au ni dini. Mimi nasema yangu: nilipenda kuitwa. Nilipenda kumwona mtu anakuja mbio na baiskeli, "Mzee, tunakufa na kiu!" na wanawake wakipiga vigelegele maji yakitoka. Ofisa mwenye digrii hapigiwi vigelegele.

Kwa hiyo nilikuwa na siri. Ngozi mpya haivalishwi kavu. Niliilowesha nyumbani kwenye mafuta ya ng'ombe siku mbili, mpaka ilainike na kuvimba, ndipo nikaileta ndani ya mkebe uliofungwa. Wakati wa kuivalisha niliwaambia watu warudi nyuma, eti pampu haitaki macho mengi.

Nafula hakurudi nyuma. Huyu alikuwa mjane, mlinzi wa pampu yetu, naye akijitolea kama mimi. Alifagia sakafu ya pampu na kuziba ua ng'ombe wasiingie.

"Mzee, hii pampu mimi nafungua asubuhi, nafunga jioni," akasema. "Nionyeshe iko nini ndani ya mkebe."

"Mama, fagia."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Halafu nikalazwa Tororo, nikapasuliwa ngiri. Wiki hiyohiyo pampu ikakauka. Nafula akakusanya wanaume, wakatoa bomba zote, hata moja haikuanguka. Akanipigia simu nikiwa kitandani.

"Mzee, tumekata ngozi, tumeweka. Maji natoka kidogo, halafu ngozi napasuka. Tunakosea wapi?"

Jibu lilikuwa fupi kuliko salamu. Nilikuwa nalo mdomoni kabisa. Lakini nikawaza, hawa wakijua, nikirudi mimi nitakuwa nani?

"Ngojeni nije," nikasema.

"Utakuja lini?"

"Nikipona."

Walingoja mwezi mzima, wakichota kwenye kinamasi pamoja na ng'ombe. Niliporudi nikaitengeneza kwa asubuhi moja. Vigelegele vikapigwa, lakini Nafula sikumwona. Nikaambiwa anaumwa taifodi. Nikaenda kwake, nikamkuta kwenye mkeka, amekwisha mwili. Aibu ikanishika, nikamwambia siri yote.

"Mafuta?" akasema. "Mafuta tu, Mzee? Hii si ungesema kwa simu?"

Alipona, namshukuru Mungu, lakini kwenye pampu hakurudi. Nilimfuata mara tatu nikitaka kumfundisha. Mara ya mwisho alinipa kiti, akanipa uji, akasema, "Tafuta mwingine. Mimi nimechoka kuomba."

Sasa natembea na mkongojo, hata bomba moja siwezi kuinua, na pampu imekufa tena tangu kabla ya Pasaka. Nyinyi mnaojitolea, mimi hakuna aliyeniuliza swali hili, basi nawauliza: ukilazwa kesho, nani ataifanya hiyo kazi yako?

Jumapili iliyopita nilisimama kanisani. Nikasema wazi kwamba niliwaficha watu kazi, na kwamba anayetaka kujifunza, mwanamume au mwanamke, aje kwangu nimwonyeshe kila kitu. Wakapiga makofi kwa nguvu. Mwenyekiti akainuka.

"Tumshukuru mzee wetu kwa moyo wake mzuri," akasema. "Na tumwombee Mungu ampe afya haraka, aje atutengenezee pampu."

Kanisa zima likafumba macho, likaniombea.